Umehamia Linux na mafaili hayakubali kuburutwa? Anza kutafuta hapa

Nina steshenari karibu na stendi ya Moshi. Kompyuta tatu, printa mbili, mashine ya kopi, na benchi ambalo mwezi Januari shule zikifungua halikauki watu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na laptopu zangu zote ni mtumba wa zamani. Windows 11 haizitaki, kwa sababu inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kununua tatu mpya kwa mkupuo, kwa hela ya kopi na picha za pasipoti, hilo sikulifikiria hata dakika moja. Nikaweka Ubuntu 24.04 kwenye mbili na Linux Mint kwenye moja. Zote ni aina za Linux, mfumo unaokaa mahali pa Windows.

Intaneti ilikubali. Printa zilikubali. Kilichonitoa jasho ni kitu ambacho mtu hakihesabu kabisa kuwa ni kazi: kushika picha ya mteja kwa mausi, kuiburuta hadi kwenye folda yake, na kuiachia. Mara inaingia, mara inarudi ilikotoka, mara inaonekana imeingia kumbe haipo. Wiki ya kwanza kijana wangu wa kaunta alinunua mausi mbili mpya. Tatizo halikuwa mausi. (Mara moja tu lilikuwa mausi, nitalifikia.)

Kuburuta na kudondosha kunaonekana ni tendo moja lakini kuna watu watatu ndani yake. Fikiria mkungu wa ndizi pale soko la Mbuyuni. Yupo mbebaji, ambaye asipoushika vizuri utaanguka njiani. Yupo muuzaji, ambaye lazima aseme anauza nini. Yupo mnunuzi, ambaye anaweza kusema sitaki, au akataka lakini ghala lake limefungwa kufuli. Kwenye kompyuta mbebaji ni mausi au padi. Muuzaji ni dirisha unakotoa, nalo hutangaza kimyakimya, “nina orodha ya mafaili”, au “nina maandishi”, au “nina picha”. Mnunuzi ni dirisha unakopeleka, na nyuma yake kuna diski ambayo ndiyo ghala. Kazi yako si kurekebisha “drag and drop” kwa ujumla wake. Kazi yako ni kujua mkungu ulikwama kwa nani.

Kabla hujagusa chochote: majaribio mawili

Fungua folda ya Documents iliyo kwenye diski ya ndani ya kompyuta. Tengeneza humo folda mbili, moja iite A, nyingine B. Weka faili dogo lolote ndani ya A. Fungua madirisha mawili, la A lipeleke kushoto kwa kubonyeza kitufe cha Windows na mshale wa kushoto, la B kulia kwa mshale wa kulia. Sasa buruta faili kutoka A kwenda B.

Likikataa kunyanyuka au likidondoka njiani, shida iko kwa mbebaji. Likienda bila matatizo, basi mausi yako ni nzima, usitume mtu dukani.

Jaribio la pili ndilo lililoniokolea muda kuliko yote, na ningelijua siku ya kwanza ningebaki na hela ya mausi. Rudi kwenye faili lile linalokusumbua hasa. Usiliburute. Lichague, bonyeza Ctrl na C, nenda unakotaka liende, bonyeza Ctrl na V. Kama na hapo linakataa, achana kabisa na habari za kuburuta. Una tatizo la ruhusa au la diski. Kwenye kaunta yangu kesi nyingi zimeishia hapa. Mteja anasema Linux haiburuti, kumbe flashi yake imefungwa kuandikwa.

Kama jana yote yalikuwa sawa na leo ghafla hakuna dirisha linalopokea, huenda programu ya mafaili imeganda tu. Bonyeza Esc kuachia chochote kilichonasa kwenye kishale, kisha fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uifunge programu hiyo, halafu uifungue upya. Kwenye Ubuntu amri ni hii:

    nautilus -q

Kwenye Mint ni hii:

    nemo -q

Mkono ukiwa ndio mwenye kosa

Chini ya kitufe cha kushoto cha mausi kuna swichi ndogo. Ikichakaa, au ikiingia vumbi, inaachia kwa nukta ndogo ya sekunde huku kidole chako bado kimebana. Wewe huhisi kitu, ila kompyuta imeshaona umeachia. Ndiyo maana faili linadondoka katikati ya safari, pengine ndani ya folda usiyoikusudia. Huna haja ya kubahatisha:

    sudo apt install libinput-tools
    sudo libinput debug-events

Neno sudo linaendesha amri kwa nguvu za msimamizi, na apt ndiyo njia ya kawaida ya kuweka programu. Ubuntu itakuomba neno la siri, na ukiliandika hutaona hata nukta moja. Usishtuke, liandike lote na ubonyeze Enter. Kisha bana kitufe cha kushoto, sogeza mausi polepole kama sekunde tano, achia. Unatakiwa kuona mstari mmoja wenye BTN_LEFT na neno pressed, ifuatiwe na mistari mingi ya mwendo, na mwisho mstari mmoja wenye released. Ukiona pressed na released zinapokezana katikati ya mwendo, mausi imekwisha, nunua nyingine kwa moyo mweupe. Kujitoa ni Ctrl na C.

Padi ya laptopu ina vituko vyake. Laptopu nyingi padi nzima ndiyo kitufe, na watu tumezoea kubana kwa kidole gumba huku kidole cha shahada kinavuta. Mfumo ukiwa umepangwa kuhesabu vidole, vidole viwili vikiwa juu ya padi wakati wa kubana husomeka kama kitufe cha kulia. Badala ya faili kunyanyuka, unafunguka mlolongo wa menyu. Dawa ni kuuambia mfumo uangalie sehemu ya padi iliyobanwa, usihesabu vidole. Kwenye Ubuntu 24.04 ingia Settings, kisha Mouse & Touchpad, utaona pa kuchagua kona badala ya vidole viwili. Au kwa amri:

    gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad click-method 'areas'

Wengine hawabani kabisa, wanagonga. Kwa hao, kuburuta kunakwenda hivi: gonga mara moja, inua, kisha gusa tena hapohapo bila kuinua na uvute. Kama haifanyi kazi, washa hizi:

    gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad tap-to-click true
    gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad tap-and-drag true
    gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad tap-and-drag-lock true

Ile ya mwisho inafaa sana kwa padi ndogo. Ukifika ukingoni ukainua kidole ili urudi nyuma uendelee kuvuta, faili halidondoki papo hapo. Kwenye Mint mambo haya yako kwenye dirisha la Mouse and Touchpad, na humo utakuta pia umbali ambao kishale lazima kisogee kabla mfumo haujakubali kwamba unaburuta. Kawaida ni pikseli 8. Mtu aliyeupandisha sana atadhani faili limegandishwa na gundi.

Linanyanyuka, lakini halipokelewi

Hapa ndipo penye kazi. Faili linafuata kishale, ukifika juu ya folda alama inageuka ya kukataza, au unaachia na hakuna kinachotokea, au unapata ujumbe wa kukosa ruhusa.

Anza na ghala. Mama mmoja alikuja na diski ya nje yenye picha zote za kipaimara cha mwanawe, anataka niongeze na za sherehe. Nikaburuta, ikakataa. Akaniangalia kwa jicho lile. “Mangi, umeniharibia diski?” “Hapana mama, haijaharibika. Imefungwa.” Na kweli ilikuwa imefungwa, ila si na mimi. Windows ina mtindo wa kutozima kabisa. Ukibonyeza kuzima, inalala nusu ili kesho iwake haraka, na diski za mtindo wa NTFS, yaani namna Windows inavyopanga mafaili kwenye diski, inaziacha na alama kwamba bado zina mtu. Diski iliyochomolewa bila kuagwa, au umeme ukikatika katikati ya kazi, nayo hubaki na alama ya namna hiyo. Linux ikiiona alama hiyo inafanya jambo la busara: ama inaifungua kwa kusoma tu, ama inakataa kuifungua kabisa. Kusoma tu maana yake unaweza kutoa, huwezi kuweka.

Hakikisha kwa amri hizi mbili:

    lsblk -f
    findmnt | grep media

Ya kwanza inakuonyesha diski zote, mitindo yake na majina yake. Ya pili inaonyesha zilizofunguliwa, na safu ya mwisho ya kila mstari inaanza na rw au ro. Rw maana yake ni kusoma na kuandika. Ro ni kusoma tu, na hapo jibu umelipata.

Njia safi ni kuirudisha diski kwenye kompyuta yenye Windows, kuipitisha kwenye ukaguzi wa chkdsk, kisha kuzima ile kompyuta kikamilifu kwa kushikilia Shift wakati unabofya Shut down. Kama ni kompyuta yako mwenyewe yenye mifumo miwili, fungua dirisha la amri la Windows kama msimamizi, uandike mara moja tu:

    powercfg /h off

Kama hakuna Windows karibu, na diski imefunguka kwa kusoma tu, kwanza nakili vitu vya maana kutoka humo. Kisha:

    sudo umount /dev/sdb1
    sudo ntfsfix -d /dev/sdb1

Hiyo sdb1 ni mfano. Angalia lsblk, linganisha ukubwa wa diski, uhakikishe mara mbili, maana sda mara nyingi ndiyo diski ya ndani yenye mfumo wako. Na ujue kwamba ntfsfix inaondoa alama na kurekebisha makosa madogo tu, haichukui nafasi ya chkdsk. Diski ya yule mama niliipeleka kwa jirani mwenye Windows. Picha za kipaimara si za kujaribia.

Flashi za kawaida, za mtindo wa FAT32, zinapata ugonjwa huohuo kwa sababu ileile ya kuchomolewa kibabe:

    sudo umount /dev/sdb1
    sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1

Kadi za memori nyingine zina kitufe kidogo cha kufungia pembeni. Nitasema ukweli, nimewahi kuhangaika dakika ishirini na kadi ya mpiga picha wa harusi kabla sijakiona.

Ghala likiwa rw na bado linakataa, uliza ni la nani. Kila faili kwenye Linux lina mwenyewe. Diski mpya uliyoipanga kwa ext4, mtindo wa Linux wenyewe, mara nyingi inakuwa mali ya root, yaani msimamizi mkuu, na wewe unabaki mpangaji. Vivyo hivyo mafaili uliyowahi kuyanakili kwa sudo. Utayatambua kwa kikufuli kidogo juu ya ikoni. Weka jina halisi la diski yako badala ya JINA:

    ls -l /media/$USER/
    sudo chown $USER:$USER /media/$USER/JINA

Kama ni folda ya ndani ya nyumbani kwako iliyojaa mafaili ya root:

    sudo chown -R $USER:$USER ~/Pictures

Hiyo -R inashuka hadi ndani kabisa, kwa hiyo iishie nyumbani kwako. Ukiielekeza kwenye mzizi wa mfumo utalia.

Tabia inayozaa matatizo haya ni kufungua programu ya mafaili kwa nguvu za root. Kwenye Mint dirisha la namna hiyo lina mstari mwekundu juu. Kila utakachodondosha humo kinakuwa cha root, na kesho yake mfanyakazi mwingine anashindwa kukifuta. Kati ya dirisha la root na dirisha la kawaida, kuburuta kwenyewe kunaweza kukataa, kwa sababu mfumo unawaona hao kama watu wawili tofauti, na hapo mfumo uko sahihi. Fungua la root kwa kazi moja unayoihitaji, lifunge.

Kuna kukataa kwingine ambako si kosa la mtu yeyote: unaburuta kwenda kwenye desktopu, na desktopu haipokei. Mradi wa GNOME, ambao ndio sura ya Ubuntu, uliondoa kazi ya ikoni za desktopu kwenye programu yake ya mafaili mwaka 2018. Ubuntu wakairudisha kwa kiongezi kinachoitwa Desktop Icons NG. Kiongezi hicho kikizimika, ile picha ya mlima uliyoweka nyuma inabaki picha ya mlima tu, haishiki kitu. Kiwashe:

    gnome-extensions enable ding@rastersoft.com

Ukiwa unatumia Fedora au Debian yenye GNOME, hakuna ikoni za desktopu mpaka uweke kiongezi mwenyewe. Mint haina shida hii.

Folda zinapokea, programu fulani haipokei

Umeburuta kutoka folda hadi folda, safi. Unaburuta picha kwenda kwenye programu ya kuhariri, au kwenye ukurasa wa WhatsApp Web, kimya. Mnunuzi ndiye aliyekataa. Au hajakataa, amesema ndiyo lakini hana njia ya kufika kwenye mzigo.

Programu nyingi siku hizi zinakuja zimefungiwa ndani ya uzio. Ubuntu wana mtindo wa snap, Mint wao wanapendelea Flatpak na snap wameizuia tangu Mint 20. Firefox ya Ubuntu kwa kawaida ni snap. Programu ya snap iliyofungiwa inaona mafaili ya kawaida ya nyumbani kwako, lakini haioni yaliyofichwa, yale yanayoanza na nukta, wala haioni folda ya /tmp unayoiona wewe, maana inapewa ya kwake. Flashi na diski za nje inaziona pale tu iliporuhusiwa. Basi unaburuta picha kutoka kwenye flashi, programu inapokea anwani ya faili, inakwenda kubisha, inakuta ukuta. Nyingine hazisemi hata neno.

Dawa ya haraka nikiwa na foleni ni kunakili picha kwanza kwenye folda ya Pictures, halafu kuburuta kutoka hapo. Dawa ya kudumu kwa snap ni kuangalia ruhusa zake na kumfungulia mlango. Kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa mfano:

    snap connections gimp
    sudo snap connect gimp:removable-media

Kwa Flatpak, weka programu ndogo iitwayo Flatseal. Ina vitufe vya kuwasha na kuzima ruhusa za kila programu, na hata kijana wangu ambaye haipendi terminali anaiweza. Mwenye kupenda amri anaweza kuandika:

    flatpak override --user --filesystem=home org.gimp.GIMP

Usigawe ruhusa kama karanga. Programu ya kuhariri picha kuona nyumba yako ni sawa. Kijiprogramu ulichokiokota jana, kwa nini?

Umewahi kugundua kwamba kwenye ukurasa huohuo, kitufe cha kuambatisha faili kinakubali pale kuburuta kulipokataa? Si uchawi. Kitufe kinapita kwenye lango maalumu ambalo mfumo unafungua dirisha la kuchagua kwa niaba yako, na faili ulilochagua linakabidhiwa kwa programu hata kama liko nje ya uzio. Lango hilo likiwa na hitilafu, na kuburuta kuingia kwenye programu za Flatpak nako kunayumba. Liwashe upya:

    systemctl --user restart xdg-desktop-portal

Kisa cha Wayland

Hapa utasikia ushauri mwingi wa “rudi Xorg” bila maelezo, kwa hiyo nikae kidogo.

Kwa miaka mingi madirisha ya Linux yalichorwa na mfumo wa X (Xorg ndiyo programu inayouendesha), ulioanzia chuo cha MIT mwaka 1984, na toleo lake la 11 likatoka 1987. Chini ya X kila programu inaona karibu kila kitu kwenye skrini: funguo unazobonyeza, kishale kilipo, madirisha ya wenzake. Ni nyumba ya pamoja isiyo na milango. Wayland, iliyoanza 2008, inaweka milango. Programu haipewi kitu mpaka wewe mwenyewe uiachie kitu juu yake. Ubuntu imeifanya Wayland kuwa ya kawaida tangu toleo la 21.04, na Mint yenye sura ya Cinnamon bado inaanza na X. Uliza kompyuta yako iko wapi:

    echo $XDG_SESSION_TYPE

Programu za zamani zilizoandikwa kwa ajili ya X hazikutupwa. Kwenye Wayland zinaendeshwa kupitia mkalimani anayeitwa XWayland. Kuburuta kati ya programu mbili za Wayland ni sawa, kati ya mbili za X ni sawa. Kutoka upande mmoja kwenda wa pili, mkalimani lazima atafsiri mazungumzo yote ya muuzaji na mnunuzi, na mara nyingine anakosea. Mizigo mingi inayopotea bila maelezo inapotelea hapo.

Namna ya kujua dirisha ni la upande gani inafurahisha, wateja huacha foleni kuja kutazama:

    sudo apt install x11-apps
    xeyes

Yatatokea macho mawili. Peleka kishale juu ya dirisha unalolishuku. Macho yakikufuata, dirisha hilo ni la X. Yakiganda, ni la Wayland. Ukikuta muuzaji ni wa upande mmoja na mnunuzi wa upande wa pili, umempata mshukiwa.

Kuthibitisha, toka kwenye akaunti yako. Kwenye ukurasa wa kuingia bofya jina lako, na kabla ya kuandika neno la siri bofya alama ya gia kona ya chini kulia, uchague Ubuntu on Xorg. Rudia kuburuta. Kukikubali, mkalimani ndiye aliyekuwa na kosa. Mimi nimeifanya hiyo kuwa njia ya kupimia tu, sikuhamia huko. Kuanzia Ubuntu 25.10 chaguo hilo limeondolewa, kwa hiyo anayejenga kazi zake juu ya Xorg ya Ubuntu atahamishwa kwa lazima. Ni afadhali kutafuta toleo jipya la programu inayosumbua.

Kesi moja ya karibu na hii ni mafaili yaliyofungwa kwenye zip. Kufungua zip na kuburuta picha moja kutoka ndani yake kwenda kwenye folda kunatofautiana na kuburuta faili la kawaida, kwa sababu faili hilo bado halipo popote kwenye diski. Likigoma usibishane nalo. Bofya kitufe cha kulia juu ya zip, chagua Extract, endelea na maisha.

Limepokelewa, lakini halikufika

Hili ndilo lililonitia aibu. Mwanafunzi wa chuo alinakili ripoti yake ya mazoezi kwenye flashi, akaona upau umejaa, akachomoa, akakimbilia basi. Kesho yake akapiga simu: folda ipo, faili lipo, ndani hakuna kitu. Linux huweka maandishi kwenye kumbukumbu ya haraka kwanza, kisha inayashusha kwenye flashi kwa wakati wake. Upau ukijaa, maana yake yametoka kwenye mkono wako, sio kwamba yote yamefika. Bofya alama ya kutoa iliyo kando ya jina la flashi, usubiri ujumbe kwamba ni salama kuchomoa. Sasa kuna karatasi imebandikwa juu ya kaunta yangu: USICHOMOE MPAKA MANGI ASEME.

Video ya harusi ikienda hadi katikati kisha ikafa, angalia ukubwa. FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4, hata flashi iwe ya GB 64 na tupu. Toa vilivyomo, uipange upya kwa exFAT, ambayo Windows nayo inaisoma. Na faili likikataa kuingia flashi peke yake wakati wenzake wameingia, soma jina lake. Linux inakubali alama ya nukta mbili au ya kuuliza kwenye jina, lakini flashi za FAT hazikubali. “Ibada 10:30.jpg” haiingii. “Ibada 10.30.jpg” inaingia.

Simu ziko hivi: chomeka waya, fungua skrini, shusha taarifa za juu, uchague kuhamisha mafaili badala ya kuchaji. Skrini ikiwa imefungwa utaona folda tupu. Waya nyingine ni za kuchaji tu na hazina njia ya data, nazo zinadanganya kila mtu. Picha zikionekana, usiziburute moja kwa moja kutoka kwenye simu kwenda kwenye GIMP au ukurasa wa wavuti. Kilicho ndani ya simu hakisomeki kama faili la kawaida la diski, na programu nyingi zinachanganyikiwa. Zipeleke kwanza Pictures.

Na kama picha “imepotea” baada ya kuburutwa, kabla ya kulia bonyeza Ctrl na Z. Ndani ya diski moja kuburuta ni kuhamisha, faili linaondoka lilikokuwa. Kati ya diski mbili ni kunakili. Ukishikilia Ctrl unapoachia utanakili kokote, ukishikilia Shift utahamisha kokote. Kwenye Mint bonyeza F3, dirisha linagawanyika pande mbili na hupati sababu ya kuburuta kwa mbali.

Kama umepita kote huko na bado, andika mambo manne kabla ya kumuuliza mtu: toleo la mfumo wako, jibu la echo $XDG_SESSION_TYPE, jina la programu unakotoa na unakopeleka, na kila moja uliiweka kwa njia gani, apt, snap au Flatpak. Ongeza kama Ctrl na C, Ctrl na V inafanya kazi. Mtu anayejua akipata hayo, mara nyingi anajibu kwa mstari mmoja. Ukimwambia tu “haiburuti”, atakuuliza kama umejaribu mausi nyingine.